Kisii na Nyamira kwa Mikono: Mwongozo wa Ziara za Utamaduni kwa Wageni wa Mjini

Ziara ya utamaduni katika kaunti za Kisii na Nyamira ni ziara ya kazi. Hapa hapana mbuga ya wanyama, wala desturi ya kuwachezea watalii ngoma kila jioni hotelini. Kuna machimbo ya mawe, mashamba ya chai, majiko, masoko na vilima ambavyo kila kipande chake kina mwenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na katika kaunti ya Kisii hesabu hiyo inakaribia watu elfu moja kwa kila kilomita ya mraba. Ndiyo maana karibu kila njia ya miguu hupita kando ya jiko la mtu, na karibu kila kinachostahili kutazamwa kiko mikononi mwa mtu anayekifanyia kazi. Mgeni anayebaki garini ataona ndizi, mabati na udongo mwekundu. Anayekubali kushika tezo, kikapu au mwiko hupata mengi kuliko siku zake zinavyoweza kubeba.

Wakati wa kwenda

Nchi hii ya milima hupata mvua karibu mwaka mzima, zaidi ya milimita 1,500 katika sehemu nyingi. Masika huwa kati ya Machi na Mei, kisha mvua huongezeka tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Januari, Februari na Julai huwa na nafuu, lakini si kiangazi cha kuaminika. Jambo la kuzingatia zaidi ya mwezi ni saa. Asubuhi mara nyingi huwa shwari. Alasiri hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milimani na kuzaa mawingu mazito. Gusii, yaani nchi ya kaunti hizi mbili, ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye radi nyingi, na si jambo la kupuuza. Kutembea kwenye kingo za milima na mashambani kumalizike kabla ya saa nane mchana, na shughuli za chini ya paa, kama kupika, kusuka na kusikiliza ala za muziki, ziachiwe alasiri. Mvua ikishanyesha, barabara za udongo huteleza kiasi kwamba bodaboda mwenyewe humwomba abiria ashuke.

Siku ya wiki nayo ina uzito. Waadventista wa Sabato ni wengi sana katika kaunti zote mbili, na kwao kazi husimama Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jioni. Mgeni wa mjini aliyezoea kutalii Jumamosi hufika akakuta mafundi wako kanisani na milango ya maduka mengi imefungwa. Jumapili hadi Alhamisi ndizo siku za kupanga shughuli, na Jumamosi inafaa kwa matembezi, au hata kwa ibada, kwa kuwa kwaya za huku husifika. Inafaa pia kujua kwamba wapo Waadventista wasiokunywa chai kabisa, wakiishi katikati ya mashamba ya chai.

Desemba inahitaji uamuzi. Ni mwezi ambao jamaa hurudi nyumbani kutoka Nairobi, Nakuru na Mombasa. Nauli hupanda, vyumba vya kulala huwa adimu, na vijiji huwa na uchangamfu usioonekana wakati mwingine. Vilevile Novemba na Desemba ni msimu wa jando. Sherehe za kuwarudisha wavulana nyumbani ni za familia, na mgeni huhudhuria akialikwa tu. Ukeketaji wa wasichana ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2011, na mtu yeyote anayejitolea kumwonyesha mgeni "mila" hiyo, hata kwa mbali, anamwingiza katika uhalifu.

Tabaka na jiwe la Kisii

Kama muda unatosha shughuli moja tu, iwe uchongaji wa mawe Tabaka. Mji huu mdogo uko kusini-magharibi mwa mji wa Kisii, katika eneo la South Mugirango, na ndio chimbuko la vinyago, bakuli, sahani na seti za sataranji zinazouzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo kwa jina la jiwe la Kisii. Jiwe lenyewe lina ulanga mwingi, madini laini kuliko yote yanayojulikana, na ndiyo sababu linakatika kwa msumeno wa mbao na kukwanguka kwa kisu cha jikoni. Rangi zake ni nyeupe, kijivu, waridi, manjano na kahawia. Jeusi ni adimu. Nyeupe ndilo linalopatikana kwa wingi, na ndilo hupakwa rangi.

Kazi huanzia machimboni. Vijana hushuka na sururu, mitaimbo na koleo, huondoa udongo wa juu, kisha hung'oa vipande kufuata mishipa ya jiwe. Shimo la mawe si mahali pa mchezo: kuta zake hubomoka, hasa baada ya mvua, na ajali za vifusi zimeua watu. Mgeni atazame kutoka mahali anapoonyeshwa na mwenyeji, asishuke chini wala kusimama ukingoni ili apigwe picha. Nusu saa hapo inatosha. Faida yake ni kwamba mtu aliyeona jiwe likipandishwa juu kwa mgongo hatabishana bei ya kinyago kwa namna ileile aliyozoea.

Karakana nyingi ni kibanda cha mabati au kivuli cha mti. Fundi huchagua kipande, hukigonga asikie kama kina ufa, kisha hukikata umbo la jumla kwa panga na tezo. Jiwe likiwa bado na unyevu wa ardhini hukatika vizuri zaidi, kwa hiyo vipande vinavyosubiri zamu hulowanishwa au hufunikwa. Baada ya panga huja kisu, patasi na tupa. Mwanafunzi wa siku moja afuate ushauri wa mafundi kuhusu umbo la kuanzia. Twiga humvutia kila mgeni, na shingo yake humvunjikia kila mgeni. Kiboko ni mwalimu mzuri zaidi: hana shingo, miguu yake ni mifupi, na hata akinenepa kupita kiasi bado ni kiboko. Samaki na sahani ndogo nazo zinafaa. Kinyago cha ukubwa wa kiganja huchukua asubuhi nzima kwa mkono usiozoea, na fundi husaidia pale panapohitaji jicho.

Wageni wengi huishia hapo, wakipiga picha na fundi na kuondoka. Wanakosa nusu ya kazi. Kwa desturi ya Tabaka wanaume huchonga na wanawake hulainisha. Kinyago huwekwa kwenye beseni la maji na kusuguliwa kwa msasa wa chembe kubwa, kisha wa kati, kisha mwororo, hadi mikwaruzo yote ya kisu ipotee. Maji huzuia vumbi na kuonyesha rangi halisi ya jiwe. Baadaye kinyago hukaushwa juani, kikapakwa nta, kikang'arishwa kwa kitambaa. Kile kitakachotiwa rangi hupakwa kwanza, kisha michoro ya maua, nyota au pundamilia huchorwa kwa ncha kali ili weupe wa jiwe utokeze chini ya rangi. Kusugua kunachosha vidole kuliko kuchonga, na kwa kawaida hulipwa kidogo zaidi. Mgeni anayelipia somo ahakikishe kwamba malipo yanamfikia pia mwanamke aliyemalizia kinyago chake.

Vumbi la jiwe lisichukuliwe kwa wepesi. Barakoa inahitajika wakati wa kukata na kusugua jiwe kavu, na watoto wadogo wakae mbali na sehemu hiyo. Nguo za rangi nyeusi hugeuka nyeupe ndani ya dakika kumi, jambo linalowafurahisha sana watoto wa Tabaka.

Sanaa hii si ya kuuzia watalii peke yake. Elkana Ong'esa, mchongaji mkubwa aliyetoka Tabaka, ana sanamu ya ndege wa amani katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris, na mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Kenya walioshiriki tamasha la utamaduni la taasisi ya Smithsonian huko Washington. Kuna maana kulijua hilo kabla ya kuingia dukani, kwa sababu katika rafu moja hukaa vitu viwili tofauti: vinyago vya kufanana vinavyochongwa kwa mamia kufuata oda, na kazi ambazo fundi amezitunga mwenyewe. Vya kwanza ni vya bei nafuu na havina aibu yoyote. Vya pili huulizwa kwa jina la aliyechonga, na bei yake haifai kulinganishwa na ya soko la Maasai.

Kununua Tabaka kwenyewe, kwa fundi au kwa vikundi vya ushirika, huwaachia wachongaji sehemu kubwa zaidi ya bei kuliko kununua kwa dalali. Kupatana bei ni sawa, lakini kwa kiasi. Sahani iliyopakwa rangi au kung'arishwa kwa nta ya viatu ni pambo, si chombo cha chakula. Anayetaka bakuli la matunda aombe lile lisilotiwa rangi na aulize limepakwa nini.

Eneo la South Mugirango hulima pia miwa, na mgeni mwenye muda anaweza kuuliza palipo na kiwanda kidogo cha sukari nguru. Juisi ya miwa huchemshwa katika makarai makubwa juu ya moto wa makapi ya miwa yenyewe, hukorogwa hadi inapokuwa nzito, kisha humiminwa kwenye vibao ikagande. Kuonja ikiwa bado ya uvuguvugu kunatosha safari. Mashine ya kukamulia haina kinga yoyote kwa vidole vya mgeni, kwa hiyo hapo ni kutazama tu.

Chai, kuanzia kikapu hadi kiwanda

Mashamba ya chai hupamba upande wa juu wa kaunti zote mbili, na anayetoka Nairobi huyaona kwanza Nyansiongo, kabla ya Keroka. Ni mashamba ya wakulima wadogo, mengine hayazidi robo ekari, wanaopeleka majani kwenye viwanda vinavyosimamiwa na shirika la KTDA, lililoundwa mwaka 1964. Nyamira ina viwanda vya Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Nyansiongo na Gianchore. Kisii ina Kiamokama, Nyamache, Ogembo, Itumbe na Eberege, na hiyo si orodha yote.

Shughuli ya mgeni ni kuchuna. Sheria inajulikana na kila mtoto: majani mawili na kichipukizi. Utekelezaji ndio mgumu. Mchunaji hukata kwa kidole gumba na cha shahada, kwa mikono yote miwili, bila kung'oa wala kukwangua, akifuata usawa wa fito inayolazwa juu ya miti ili shamba libaki tambarare kama meza. Majani hayashindiliwi mkononi wala kikapuni, kwa sababu yakipata joto hugeuka mekundu na kukataliwa. Mgeni huona amejaza kikapu. Mzani huonyesha kilo mbili. Wachunaji huanza mapema, umande ukiwa bado, na mti uleule hurudiwa baada ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo si kila familia ina kazi ya kuchuna siku ambayo mgeni amefika. Simu ya siku mbili kabla huokoa aibu ya kuzungushwa shambani bila kazi.

Sehemu ya kufundisha zaidi ni kituo cha kununulia majani. Mchana wakulima hukusanyika chini ya paa lile, humwaga majani mezani, huchambua yaliyokomaa kupita kiasi, na kusubiri karani apime. Hapo ndipo bei ya mwezi, bonasi ya mwaka, siasa za kiwanda na habari za misiba hujadiliwa. Mgeni anayesaidia kuchambua hupewa nafasi ya kukaa, na akikaa husikia mambo ambayo hakuna kiongozi wa watalii atakayemweleza.

Kuingia kiwandani kunahitaji ruhusa ya meneja, iombwe kwa barua au simu kabla ya siku yenyewe. Viatu vya kufunika miguu ni lazima, na pete na bangili huvuliwa. Ndani, majani hunyaushwa kwenye mabirika marefu yenye hewa inayopuliza kutoka chini, husagwa na mashine zenye meno, huachwa yabadilike rangi kutoka kijani hadi shaba, hukaushwa kwa hewa moto, kisha huchekechwa kwa daraja. Takriban kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, na mtu aliyechuna asubuhi hiyo huielewa hesabu hiyo mgongoni mwake.

Asiyepata ruhusa ya kiwanda anaweza kutengeneza chai nyumbani kwa mwenyeji. Majani hulazwa kivulini hadi yalegee, hutwangwa au kusuguliwa viganjani, hufunikwa kwa kitambaa kibichi kwa saa moja au mbili hadi yawe na harufu ya matunda, kisha hukaangwa polepole kwenye sufuria kavu. Chai hiyo si nzuri kama ya kiwandani, lakini hunywewa kwa kujivuna.

Jikoni

Chakula cha Abagusii, wenyeji wa kaunti hizi, kinachostahili somo ni chinsaga, mboga ambayo Wakenya wengine huiita saga au mgagani. Ina uchungu wake, na ustadi wa mpishi uko katika kuupunguza bila kuuondoa. Majani huchambuliwa, mabua magumu yakatupwa, yakaoshwa mara kadhaa. Huchemshwa kwa maji kidogo, mara nyingi pamoja na managu, mchicha au majani ya maboga, kisha huongezwa maziwa na kuachwa yaive taratibu. Mboga nzuri hupikwa leo ikaliwa kesho: hupashwa tena kwa maziwa zaidi, na kila ikipashwa huwa laini. Somo la jikoni kwa hiyo ligawanywe mara mbili, jioni na asubuhi inayofuata. Mwenyeji anayetaka kuonyesha chakula kamili kwa saa mbili huwa anaonyesha mboga iliyopikwa jana, na hakuna ubaya, ilimradi mgeni aelezwe. Chinsaga hupewa kwa heshima maalumu mama aliyejifungua, na wanawake wazee jikoni wana mengi ya kusema juu ya hilo.

Kando yake huwa obokima, ugali, ambao ule wa zamani ni wa wimbi. Kusaga wimbi kwa jiwe ni kazi ya magoti: jiwe kubwa chini, dogo mkononi, na uzito wa mwili wote ukisukuma mbele. Dakika kumi zinatosha kumfanya mtu aheshimu kinu cha posho. Ugali wa wimbi huwa mweusi na mzito, na mwiko wake unahitaji mkono wenye nguvu. Zamani uliwekwa ndani ya ekee, chombo kilichosukwa kwa ufundi, ambacho hutunza joto. Maziwa yaliyoganda katika kibuyu hukamilisha mlo. Bia ya wimbi ilikuwa sehemu ya karamu na mazungumzo ya wazee, lakini katika nyumba za Waadventista na za walokole wengine haitajwi, na mgeni asiiombe.

Safari ya sokoni itangulie somo. Daraja Mbili katika mji wa Kisii ndilo soko la wazi kubwa, na siku za gulio ndizi hufika kwa malori na kwa vichwa vya wanawake. Keroka, uliokaa mpakani mwa kaunti hizi mbili, nao una soko lenye msongamano wake. Mgeni anunue mboga kwa mafungu kama wanunuavyo wengine, na aulize jina la kila moja.

Ala, usukaji na vitu vya wazee

Obokano ni zeze kubwa la nyuzi nane, lenye tumbo la gogo lililochimbwa na kufunikwa ngozi ya ng'ombe. Sauti yake ni nzito na ya kunguruma, kiasi kwamba waandishi wa muziki wamelifananisha na besi kubwa ya okestra. Mpigaji huketi kwenye kigoda, ala ikiwa mbele yake, akicharaza kwa mikono miwili na kuimba mwenyewe. Wapigaji waliobaki si wengi, na wengi wao ni wazee wanaoitwa harusini na kwenye hafla za serikali. Kukodi mmoja kwa ajili ya kikundi cha wageni kunawezekana kupitia ofisi za utamaduni za kaunti au kupitia chifu wa eneo. Somo la kwanza huishia kwenye kukaza nyuzi na kupata mdundo mmoja. Jambo bora ni kumwomba aimbe wimbo wa sifa, kisha mtu mwingine afasiri, kwa kuwa ucheshi wa nyimbo hizo uko katika maneno. Wanawake wana nyimbo zao, miongoni mwazo ribina, ngoma ya wakati wa ukame na mavuno.

Usukaji wa vikapu na ekee hufundishwa na wanawake wakongwe, na hapa muda wa mgeni hautoshi kumaliza chochote. Saa mbili hutoa kitako cha kikapu, basi. Mzee mwenye moyo mzuri huweza kuonyesha ebitinge, pete za chuma za miguuni walizovaa wanawake waliokamilisha ndoa ya kimila. Hutazamwa; hazinunuliwi. Soko la vitu vya kale limekwisha kuzikomba nyumba nyingi, na mgeni anayetoa pesa kwa urithi wa ukoo humweka mwenyeji katika jaribu lisilo la lazima.

Mji wa Kisii na ukingo wa Manga

Mji wa Kisii hauna majengo mengi ya zamani, lakini una historia ya kutembelewa kwa miguu, mradi awepo mtu wa kuisimulia. Waingereza waliweka kituo chao hapa mwaka 1907, mahali palipoitwa Getembe. Mapema mwaka uliofuata kijana Otenyo Nyamaterere, akichochewa na nabii wa kike Moraa, alimchoma mkuki G. A. S. Northcote, ofisa wa kikoloni. Northcote alipona na baadaye akawa gavana wa Hong Kong; Otenyo aliuawa, na Gusii nzima ikaadhibiwa kwa kuchomewa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe. Mnamo Septemba 1914 Wajerumani walivuka kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani na kuuingia mji, wakapigana na Waingereza, kisha wakarudi mpakani. Masimulizi ya mji hayakamiliki bila Sakawa, mtabiri wa karne ya 19 anayesemekana alionyesha kwa fimbo yake mahali ambapo wageni wangejenga. Msimulizi mzuri ataeleza pia habari za ababari, waganga waliopasua fuvu la kichwa kutibu maumivu yaliyotokana na majeraha, ufundi uliowavutia madaktari wa kigeni katika karne ya 20.

Manga, upande wa Nyamira, ni ukingo mrefu wa mwamba ambao masimulizi ya Abagusii huutaja miongoni mwa makao yao ya mwanzo. Siku isiyo na ukungu macho hufika hadi nchi tambarare za chini na Ziwa Victoria. Katika miamba hiyo imo Ngoro ya Mwaga, shimo linalotajwa sana katika ngano na linaloogopwa hadi leo. Matembezi yaanze asubuhi na mwenyeji awe mbele, kwa kuwa vijia hugawanyika mashambani na ukingo hauna ua. Wazee wengine hawapendi kelele wala takataka mahali hapo, na ombi lao lifuatwe.

Adabu na malipo

Salamu hutangulia kila shughuli. Asubuhi ni bwakire, jioni ni bwairire, na mkono hutolewa kwa kila aliyepo, watoto pia. Mgeni anayezungumza Kiswahili na mzee wa Kigusii ajihadhari na neno moja: katika Ekegusii, lugha ya hapa, baba ni mama, na tata ndiye baba. Mzee wa kiume huitwa omogaka, bibi mzee huitwa omongina. Baina ya wazazi na watoto waliooa kuna mipaka ya heshima kuhusu nani aingie nyumba ya nani, kwa hiyo mgeni huingia mlango anaoelekezwa na hachungulii vyumba. Uchawi usifanyiwe mzaha. Vikongwe wameuawa katika maeneo haya kwa kushukiwa tu, na utani wa mgeni kuhusu bibi fulani anayekaa peke yake unaweza kubaki kijijini baada ya mgeni kuondoka.

Malipo yapatanwe kabla ya kazi kuanza, yakitaja nani analipwa: kiongozi, fundi, mwenye shamba, mpishi. Kwa kawaida kiongozi akipewa fedha zote, wengine hubaki wakimsubiri. M-Pesa ya moja kwa moja kwa kila mmoja ndiyo njia safi. Familia iliyomkaribisha mtu chakula bila kudai chochote hailipwi kwa fedha mkononi; sukari, unga au mafuta ya kupikia hupokelewa vizuri zaidi. Kupiga picha kunaombwa, hasa machimboni na jikoni.

Kupanga safari

Kutoka Nairobi barabara hupitia Narok, Bomet, Sotik na Keroka, mwendo wa kilomita mia tatu na zaidi, saa sita au saba kwa basi au matatu. Kutoka Kisumu hupitia Ahero, Sondu na Oyugis, na safari ya asubuhi hufika kabla ya saa sita. Mgeni wa siku mbili hutoshwa na mpango huu: siku ya kwanza Tabaka kuanzia asubuhi hadi alasiri, jioni jikoni kuanza chinsaga, siku ya pili kuchuna chai Nyamira, kisha Manga kabla mawingu hayajakusanyika, na mlo wa mchana ukiwa ile mboga ya jana. Anayetaka kila kitu kwa siku moja atatumia siku hiyo barabarani, kwa kuwa kutoka South Mugirango hadi Nyamira ni kuvuka nchi yenye vilima, mabonde na msongamano wa mji wa Kisii katikati. Wenye siku ya tatu waipe soko na obokano. Mji wa Kisii una hoteli za kila kiwango na ndio kituo kinachofaa kulala. Nyamira ina vyumba vichache zaidi, na utulivu zaidi.

Vinyago vifungwe vizuri kabla ya safari ya kurudi. Jiwe la Kisii halivumilii kugongana, na matatu hazibembelezi mizigo. Mafundi wa Tabaka hufunga kwa majani makavu ya migomba, tabaka juu ya tabaka, na kisha katoni. Kazi hiyo wanaijua kuliko mgeni, na inafaa kuwalipa waifanye. Mzigo mzito uwekwe miguuni badala ya kwenye buti la gari, na anayesafiri kwa ndege apime uzito mapema, kwa kuwa viboko watatu wa ukubwa wa ngumi huweza kulemea mkoba kuliko nguo zote za wiki.